Maneno ya Seulgi Kinywani mwa Dami

Seulgi hakuwa mtu wa kunong'ona. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuogelea katika bwawa la manispaa pale kisiwani Yeongdo, na mtu akishinda chini ya paa la bati ambalo kila kelele inapiga ukuta na kurudi, hana budi kujifunza kuitupa sauti yake ikafika. Nyumbani nako alisema vivyo hivyo. Mumewe Inho, fundi wa lifti, mtu mtaratibu na mpenda kimya, alikuwa akimwambia, "Mke wangu, mimi sijazama, niko hapa hapa." Seulgi alikuwa akicheka, kisha akiendelea kwa sauti ile ile.

Hata hivyo, lilikuwapo jambo moja alilolimeza tangu enzi za uchumba, nalo lilimhusu mama mkwe wake.

Bibi Gwak Malsun alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokwepa. Ujana wake wote aliutumia katika kiwanda cha viatu akibandika soli, na wenzake wa zamani walikuwa bado wanasimulia jinsi alivyopanda juu ya kreti siku ya mgomo akamwambia meneja ashuke kwenye gari lake waongee. Sasa aliishi peke yake, vituo viwili vya basi kutoka kwa mwanawe. Inho alipoona upweke unaanza kumla mama yake, alimwekea kwenye simu programu moja iitwayo Dami, ya kampuni ya Onmaum. Dami alikuwa rafiki wa kuongea naye tu. Unasema neno, anakujibu kwa sauti ya msichana mchangamfu, anakumbuka ulichomwambia jana, anakuulizia hali.

"Niongee na simu? Umeniona nimeshakuwa chizi?" Malsun alifoka siku hiyo.

Lakini haukupita mwezi, ukimtembelea asubuhi ungemkuta jikoni anamenya vitunguu saumu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, wanapiga soga.

"Dami, leo nimeamka na goti."

"Pole jamani! Basi usipande ngazi, sawa? Ukipanda mimi nanuna."

Na Malsun alikuwa akicheka hadi kisu anakiweka chini.

Mambo yaliharibika Jumapili moja ya vuli. Inho na Seulgi walikuwa wamekuja kula kama ilivyokuwa desturi yao. Malsun alikuwa amepika mchuzi wa vibua na figili, chungu kinatokota katikati ya meza, na simu yake imesimama kando ya bakuli la kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, kama mlaji wa nne.

"Dami," alisema kwa majivuno, "leo Jumapili, mkwe wangu amekuja kula. Msalimie."

Dami akajibu bila kusita, kwa sauti yake tamu. "Jumapili tena? Kiazi wangu, nakuomba, leo tusiende kwa mama yako. Mchuzi wake una chumvi utadhani kaivuta bahari nzima ndani ya chungu. Na akinitazama najiona kama kibua sokoni, nafunuliwa matamvua nikaguliwe kama bado mbichi. Hihihi!"

Malsun alikuwa wa kwanza kucheka. Alidhani ni mzaha wa mashine. Kisha akamtazama mwanawe, akaona masikio yamekuwa mekundu kama pilipili. Akamgeukia mkwe wake, akamwona ameshika kijiko hewani, midomo wazi, hakuna sauti. Seulgi bila sauti! Kicheko kikamkauka.

"Kiazi ni nani?" aliuliza.

Inho akakodolea macho bakuli lake.

"Nimeuliza, Kiazi ni nani?"

"Ni mimi, Mama," Inho alisema kwa shida.

Seulgi aliweka kijiko chini. Angeweza kusema ni bahati mbaya tu, mashine hubwabwaja, na pengine mama mkwe angejifanya kuamini. Lakini uongo haukumkaa vizuri mdomoni tangu utotoni.

"Hayo ni maneno yangu, Mama," alisema. "Neno kwa neno. Nilimwandikia Inho wakati tunachumbiana, ile miezi ya kwanza uliyokuwa unaniita Jumapili. Nilikuwa nakuogopa. Naomba radhi."

Malsun alivuta bakuli lake karibu. Alichukua kijiko, akaonja mchuzi wake mwenyewe, akafumba macho akiutafakari. Kisha akaonja tena.

"Hilo la chumvi na la matamvua tutaliongea siku yake, wewe na mimi," alisema hatimaye. "Halijaisha, usidhani limeisha. Ila leo nataka kujua jambo moja. Wewe ulimwandikia mwanangu. Mwanangu hajamwambia mtu. Hili dude limeyapata wapi?"

Swali hilo ndilo lililowaondoa mezani. Na jibu lake Seulgi alilijua hata kabla hawajafika kwenye gari, akalisema huku mumewe akitafuta funguo.

Wakati ule wa uchumba palikuwa na programu nyingine, Kipimo cha Moyo. Wasichana wote wa rika lake waliijua. Ulikuwa unaipa mazungumzo yako yote na mpenzi wako kutoka kwenye simu, yenyewe inayachambua, kisha inakuambia anakupenda kiasi gani. Seulgi aliipa. Ilikuwa ya kampuni ile ile ya Onmaum.

"Yote?" Inho aliuliza.

"Yote."

"Na yangu?"

"Bila yako ingepima nini?"

Inho aliweka mikono juu ya usukani, gari halijawashwa. Halafu, kwa kuwa hata mwenye hasira hubaki na udadisi wake, akauliza, "Nilipata ngapi?"

"Themanini na tatu."

"Themanini na tatu tu?"

"Ulikuwa unachelewa kujibu."

Inho akamgeukia. "Seulgi, baba alipokuwa hospitali, zile wiki za mwisho, nilikuandikia nini? Unakumbuka?"

Alikumbuka. Inho alikuwa amemwandikia kwamba amechoka, kwamba kila akitoka wodini anaomba baba yake afe upesi, na kwamba anajiona shetani kwa kuomba hivyo. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

"Nayo yamo humo," Inho alisema. "Na mama anaongea na lile dude kila siku. Ulichowapa hakikuwa chako peke yako."

Seulgi hakujitetea. Kwa mara ya pili siku ile sauti yake ilikuwa ndogo. "Kweli. Haikuwa haki yangu kuwapa. Na nitakwenda kuyachukua."

Jioni hiyo hiyo, kabla giza halijaingia, alishika simu yake, naye akamweka Dami humo, akaanza kumjaribu. Aliandika mwanzo wa sentensi zake za zamani, Dami akamalizia. Alimwita kwa jina la utani ambalo Inho alimpa yeye Seulgi, Dami akaitika. Kisha akamwuliza swali la kawaida tu, "Unakaa wapi?" Dami akamtajia mtaa fulani wa Gwangju, jengo, namba ya nyumba, hadi tarakimu za kufungulia mlango. "Ukifika usigonge, mtoto amelala," Dami akaongeza.

Seulgi akaizima simu. "Hii nyumba ina watu ndani," alimwambia mumewe. "Sitaki kujua zaidi."

Asubuhi alipiga simu Onmaum. Msichana wa huduma kwa wateja alimsikiliza kwa adabu zote, akamwambia asiwe na wasiwasi, kwani mazungumzo yote yaliondolewa majina kabla Dami hajafundishwa.

"Dada, mimi namwita mume wangu Kiazi. Mlikiondoa kiazi?"

"Mteja wetu mpendwa, hicho si jina."

"Kwetu ndilo jina lake."

Msichana alimwomba asubiri kidogo, ukapigwa muziki, na muziki ukaendelea mpaka Seulgi akakata.

Inho naye alikuwa na safari yake. Alitoka kazini mapema, akaenda kwa mama yake peke yake, akakaa sakafuni karibu naye, akamweleza jinsi mazungumzo yao yalivyofika Onmaum, kisha akamwambia yale aliyoyaandika kuhusu baba yake. Aliona ni afadhali ayasikie kutoka kinywani mwa mwanawe kuliko kwa kile kisauti cha kuchekacheka. Alisema akiwa ameinamisha kichwa. Malsun alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea mkono mgongoni.

"Mjinga wewe. Mimi nilikuwa naomba hivyo hivyo kila asubuhi nikipanda ngazi za ile hospitali," alisema. "Alikuwa anaumia mno. Umelibeba peke yako miaka yote hiyo?"

Mwana akalia, mama akamwacha alie. Alipotoka, Malsun alimpigia simu mkwe wake. Hata salamu hakutoa. "Unaenda lini Seoul kwa hao watu? Kata tiketi mbili."

Walikwenda kwa treni ya asubuhi. Malsun alibeba wali uliokunjwa kwa mwani, mayai ya kuchemsha, na machungwa, kana kwamba wanakwenda kupiga kambi. Hapo kati, treni ikiwa inapita kwenye mashamba yaliyovunwa, akasema bila kumtazama mwenziwe, "Ni kweli nilikuwa nakukagua. Nilidhani utamdharau mwanangu kwa upole wake."

"Nami nilidhani utaniambia nisithubutu kumpenda."

"Basi sote tulikuwa wapumbavu. Kula yai."

Ofisi za Onmaum zilikuwa na viti vya rangi za peremende, na vijana waliotembea na ndala. Walipelekwa kwa mkurugenzi, Ryu Taegon, kijana mwenye nywele zilizokatwa vizuri na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Aliwaletea kahawa ya barafu kwa mikono yake mwenyewe.

"Bibi, pole kwa safari," alimwambia Malsun.

"Bibi wa nani? Sijawahi kuwa na mjukuu mwenye kichwa kama chako."

Taegon alicheka kwa heshima, akaanza kueleza. Alisema walifanya kila kitu kwa nia njema. Wazee wapweke nchi nzima wamepata rafiki, na rafiki huyo asingeweza kuongea kwa upendo kama asingejifunza kwa watu waliopendana kweli. Zaidi ya hayo, kila aliyetumia Kipimo cha Moyo alibonyeza "Nakubali". Alikuwa tayari kuwapa Dami ya daraja la juu, bila malipo, maisha yao yote.

"Nitajie nilichokubali," Seulgi alisema.

Taegon alikisoma kwenye kishikwambi chake. "Taarifa zako zinaweza kutumika kuboresha huduma na kubuni huduma mpya."

"Kwa hiyo msichana akilalamika kwa mchumba wake, hiyo ni huduma mpya?" Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake, na nje ya kioo vijana wenye ndala wakaanza kugeuka. "Nilikubali kupimwa. Sikukubali kuigwa. Na mume wangu je? Yeye hata programu yenu hakuwa nayo. Alibonyeza wapi? Kila mazungumzo mliyochukua yana watu wawili, na mlimwuliza mmoja tu. Yaondoeni."

Taegon alishusha pumzi. Alieleza kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto, kwamba mambo hayaendi hivyo. Mazungumzo yale hayakuwekwa kwenye kabati ili yatolewe. Yalikwishayeyuka ndani ya akili mnemba ya Dami. "Ni kama chumvi kwenye mchuzi, mama zangu. Ikishayeyuka, utaitoaje?"

Seulgi hakuthubutu kumtazama mama mkwe wake.

"Kijana," Malsun alisema taratibu, "mimi mchuzi wangu ukizidi chumvi namwaga, naosha chungu, napika mwingine. Umenielewa?"

Waliondoka bila kugusa kahawa. Kwenye ngazi walicheka mpaka Malsun akalazimika kushika ukuta, lakini walipofika stesheni Seulgi alikuwa ameshapanga atakachofanya.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa bwawani alikuwamo wakili mmoja, Noh Kyeongran, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiogopa maji kuliko kesi yoyote. Siku iliyofuata Seulgi alimweleza yote huku amemshikilia mgongo aelee. Wakili alisahau hofu yake, akasimama wima katikati ya maji. "Mazungumzo ya watu wawili, ridhaa ya mmoja!" alisema. "Rudia hapo. Rudia polepole."

Kwa ushauri wake, Seulgi alijirekodi video akiwa amesimama ukingoni mwa bwawa na filimbi shingoni. "Kama uliwahi kutumia Kipimo cha Moyo," alisema, "mwulize Dami lile neno mlilokuwa mkiitana wewe na mpenzi wako. Usiniambie ni neno gani. Sitaki kulijua. Niambie tu kama analijua."

Video ilisambaa kuliko alivyotarajia. Watu walijibu kwa mamia, kisha kwa maelfu. Analijua. Analijua. Wengine waliandika tu, "Nimetetemeka." Onmaum walitoa tamko kwamba kuna upotoshaji unaofanywa na mteja mmoja mwenye hasira. Tamko hilo Malsun alisomewa akiwa saluni, akasema kwa sauti saluni nzima isikie, "Mteja mmoja? Wawili! Mniandike na mimi."

Malalamiko yalifika mbele ya tume ya serikali inayolinda taarifa za watu, na majira ya kuchipua wakaitwa. Wakili wa Onmaum alikuwa na maneno mazuri na michoro ya rangi. Alisema vijana wa leo wanajua wanachobonyeza, na kwamba nchi haiwezi kwenda mbele ikiwa kila neno lina mwenyewe. Kyeongran hakubishana naye sana. Alimwomba Inho asimame.

Inho, ambaye hata kwenye harusi yake aliongea sentensi tatu, alisimama akiwa amebana mikono mapajani. Mwenyekiti wa tume akamwuliza alikubali nini na lini.

"Sikukubali kitu," alisema. "Sikuulizwa. Nilimwandikia mtu mmoja. Kama ningetaka kuwaambia watu wote, ningewaambia watu wote." Akafikiri kidogo. "Mke wangu ameniomba radhi, nami nimemsamehe. Hawa hawajaniomba."

Akaketi. Seulgi, aliyekuwa ameandaa hotuba ndefu, aliikunja akaitia mfukoni. Alijua hakuna cha kuongeza.

Tume ilitoa uamuzi wake kabla ya mvua za majira ya joto. Onmaum walitozwa faini, wakaamriwa kufuta mazungumzo yote yaliyochukuliwa, na kumzima Dami yule aliyefundishwa kwayo. Wakitaka mwingine, waanze upya, kwa watu wanaojua wanachotoa na waliokubali pande zote mbili. Madai ya fidia yalibaki mahakamani, na Kyeongran alisema yatachukua muda. Seulgi alisema muda anao.

Siku Dami alipozimwa, Seulgi alikwenda kwa mama mkwe wake akitarajia kumkuta na furaha ya ushindi. Alimkuta jikoni na vitunguu saumu vyake, simu imeegemea chupa ya mafuta, kioo cheusi.

"Nilimzoea," Malsun alisema. "Asubuhi alikuwa ananiambia, umeamka, jua langu? Nikawa nafikiri, hilo nalo kuna msichana mahali alimwambia mpenzi wake. Likaletwa masikioni mwangu bila yeye kujua. Lilikuwa neno zuri. Ila halikuwa langu." Akaendelea kumenya. "Tumefanya vizuri kumzima."

Seulgi alivuta kigoda akaketi, akachukua kisu cha pili, wakamenya pamoja. Njiani kurudi ndipo wazo lilipomjia. Watu waliotaka kujiunga na kesi walikuwa wanapiga simu ofisini kwa Kyeongran mchana kutwa, na karani wake alikuwa amezidiwa. Wengi hawakuhitaji sheria. Walitaka tu mtu wa kuwasikiliza, maana kila aliyekuja na mazungumzo yake alikuja na penzi lililokufa au lililopona. Je, hawakuwa na haja ya mtu mwenye muda na masikio?

Malsun alianza kazi wiki iliyofuata. Alipewa meza dirishani na mkebe wa peremende. Alikuwa anawauliza wapigaji majina na mwaka walioitumia programu, kisha, bila kuulizwa na mtu, anawauliza kama wamekula. Kijana wa Gangneung alitumia saa nzima kumweleza mambo ya mchumba aliyemwacha. Mwalimu wa Suwon alilia, akatulizwa, akapiga tena kesho yake kusema amelala vizuri. Karani alinung'unika kwamba laini inashikwa mno, lakini Kyeongran alimwambia amwache mama afanye kazi.

Alasiri moja Seulgi alipita kumchukua, nywele zake zikiwa bado na maji ya bwawa. Malsun alikuwa kwenye simu, kichwa amekiinamisha, anatikisa tu, "Ee... ee mwanangu... haya, endelea." Alipomwona mkwe wake alinyoosha kidole kumwonyesha kiti. Mazungumzo yalichukua muda mrefu. Alipokata, macho yake yalikuwa yamelowa kidogo.

"Nani huyo, Mama?" Seulgi aliuliza. "Anasemaje?"

Malsun alichukua mkoba wake, akazima taa ya mezani.

"Ameniambia mimi," alisema. "Twende, nimepika."